Sisomi Nyota za Watu

Kosa la kwanza lilikuwa la mama mdogo, na nililiacha lipite kwa sababu ilikuwa siku yangu ya pili Durban na miguu ilikuwa bado imevimba kwa safari. Alinisimamisha kanisani mbele ya watu wa Uvira, Bukavu, Bujumbura na kwingineko, akanishika bega, akatangaza: "Huyu ni mtoto ya dada yangu, ametoka Kigoma. Iko université kule Westville. Anasoma nyota."

Watu wakaguna. Haukuwa mguno wa kustaajabia elimu. Ulikuwa ule mguno mwingine, wa watu wanaokumbuka shida zao zote kwa mpigo. Kwa Kiswahili mtu anayesoma nyota anaweza kabisa kuwa mwanafunzi wa mambo ya anga, lakini nani analielewa neno hivyo? Anayesoma nyota ni yule anayekuambia kwa nini mume haonekani nyumbani, nani kakufungia biashara, na siku gani usisafiri. Nyota ya mtu hung'aa, hushuka, huibwa na jirani, husafishwa kwa maji na majani. Nilipaswa kusema palepale kwamba mimi simo katika mambo hayo. Badala yake nilitabasamu kama bwege na kurudi kukaa.

Mama mdogo alipoona minong'ono inazidi, akajaribu kurekebisha. "Anazisoma na redio," akasema. Hapo ndipo alipomaliza kazi. Kila mtu aliyelelewa na redio ya asubuhi anamjua yule mtangazaji wa nyota zenu za leo, Ng'e wajihadhari na marafiki, Mizani watapata habari njema kutoka mbali. Wiki haikuisha kabla sijaanza kuulizwa ninasikika stesheni gani na saa ngapi.

Nilieleza. Mungu wangu, nilivyoeleza! Nilieleza jikoni, nilieleza kwenye taksi, nilieleza foleni ya choo cha kanisa. Mtu ananisikiliza mpaka mwisho, anatikisa kichwa kwa heshima, kisha ananisogelea na kuninong'oneza tarehe yake ya kuzaliwa. Mama yangu mzazi naye, kule Kigoma, alikuwa amewaambia majirani kwamba mwanawe ni mtangazaji Afrika Kusini, na majirani walikuwa wakitaka niwatumie salamu hewani.

Basi acha niseme ninachofanya, mara moja, na nikishasema nisiulizwe tena. Mimi sishughuliki na nyota kabisa. Ninashughulika na viini vya galaksi za mbali mno, ambamo shimo jeusi linabugia gesi na vumbi, na sehemu ya chakula hicho linaitema nje kwa mkondo mwembamba wenye kasi ya kutisha. Ving'aavyo zaidi katika hivyo huitwa kwasa, na jina lenyewe lilitungwa kumaanisha kitu kinachofanana na nyota ambacho si nyota. Ukikitazama unaona nukta tu. Ili nukta hiyo ifunguke na kuonyesha kiini, mkia na mafundo yake, inabidi madishi ya redio yaliyo katika nchi mbalimbali yaelekezwe mahali pamoja kwa wakati mmoja, kila dishi na saa yake isiyokosea, kila moja likirekodi mawimbi yanayolifikia. Kisha rekodi zote zinakusanywa kwenye kompyuta moja na kulinganishwa. Kadiri madishi yanavyokuwa mbali, ndivyo picha inavyokuwa kali. Hakuna sauti. Hakuna stesheni. Mimi mwenyewe sijawahi hata kutoka nje kutazama juu. Ninatazama namba kwenye skrini, mchana, katika chumba kisicho na dirisha.

Kwasa yangu ilikuwa moja, kusini sana, isiyopendwa na watu wa kaskazini kwa sababu madishi yao mengi hayaifikii. Jina lake ni namba ndefu ya kuchosha ulimi. Mimi na mwanafunzi mwenzangu, Mkenya tuliyegawana naye meza na profesa, tulizoea kuiita nyota yetu. Tulijua si nyota. Ulikuwa uvivu tu wa mdomo, na kwa hilo siwezi kumlaumu mama mdogo.

Jumamosi nilikuwa nafanyia kazi saluni kwa mama mdogo, katikati ya jiji, ghorofa ya pili juu ya maduka ya simu. Tulikokaa, Cato Manor, intaneti ilikuwa ya kubahatisha, na saluni ilikuwa na ya uhakika. Nilipewa kiti cha pembeni karibu na beseni la kuoshea nywele, kwa sharti kwamba nisikae kwenye njia ya wateja. Kelele za kuita abiria zilipanda kutoka barabarani, vikausha nywele vikavuma, na mimi katikati nikatafuta mkia wa kwasa. Wateja walikuwa wakinitazama kwenye vioo. Wengine walijitia wanasubiri kusukwa kumbe wanasubiri nifunge kompyuta.

Kiti cha dirishani kilikuwa cha mwanamke mmoja wa Bukavu, ambaye nilimwita yaya. Mwanzoni ilinipa tabu kumwita hivyo, kwa sababu kwetu yaya ni mlezi wa watoto wa watu, lakini kwa Wakongo yaya ni dada mkubwa, na yeye alikuwa dada mkubwa wa kila mtu pale. Mimi aliniita petite, mdogo wake, ingawa nimepita thelathini na nina mvi tatu. Kwao alikuwa muuguzi, wodi ya watoto. Durban alikuwa amesuka nywele miaka tisa. Vidole vyake vilikuwa vyepesi kuliko vya wote, na wateja walimgombea, na kila mteja aliyemsifu alimwudhi kidogo, nilimwona.

Mwaka ule alikuwa amepata kibali cha kufanya mtihani wa wauguzi waliosomea nje. Akiupita, angevaa tena sare. Barua ya kibali aliiweka kwenye bahasha ya plastiki chini ya rafu ya mawigi, pamoja na vitabu vyake, na wateja walipopungua aliketi sakafuni akasoma akiwa amefumba jicho moja. Mtihani ulikuwa Pretoria, Jumanne asubuhi, na basi lake lilikuwa la Jumatatu saa tatu. Mtihani ule hauji kila wiki. Mama mdogo alikuwa amekwisha kumtafutia msusi wa kushika kiti, na kanisani walimwombea kwa kumtaja.

Yeye peke yake, katika watu wote wa saluni ile, hakuwahi kuniomba nimwangalizie nyota. Aliwahi kuniuliza swali moja tu, swali zuri kuliko yote niliyoulizwa Durban: madishi yakiwa nchi tofauti, mnajuaje kwamba yote yameangalia kitu kilekile? Nilimpenda kwa swali hilo. Nikajiambia angalau huyu mmoja ananielewa.

Jumamosi kabla ya mtihani nilifungua namba mpya za kwasa, nikazifunga, nikazifungua tena. Vitu hivi hubadilika. Miezi kadhaa vinawaka, miezi mingine vinafifia, na chetu kilikuwa kimefifia vibaya. Nasi tulikuwa tumepewa zamu ya madishi Jumanne ileile, zamu ambayo profesa wetu aliiomba na kunyimwa, akaiomba tena na kunyimwa tena. Nikampigia Mkenya. Kwa kuwa kikausha nywele kilikuwa kinavuma, nilipaza sauti, na haya ndiyo niliyoyasema, sikuongeza wala kupunguza:

"Nimeiangalia. Nyota imeshuka. Imeshuka vibaya sana... Jumanne? Jumanne ni kupoteza muda tu, hakuna kitakachopatikana... Hapana, usimwambie kwanza. Amesubiri siku nyingi mno, atakata tamaa. Niachie mimi, nitamwambia taratibu."

Niliyekuwa sitaki aambiwe ni profesa. Lakini Kiswahili hakikunisaidia. Hatua mbili kutoka kwangu, yaya alikuwa amesimama na vidole vyake ndani ya nywele za mteja, na niliona kwenye kioo vidole vimesimama. Nilidhani amekuta fundo.

Mchana mama mdogo alinivuta mkono mpaka kwenye ngazi. Alikuwa amekasirika hadi kope zinamchezacheza.

"Umemwambia nini yaya wako?"

"Nani? Sijamwambia kitu."

"Iko natafuta mtu wa kumupa tiketi ya basi! Anasema haendi tena. Anasema uliona nyota yake, iko chini, na Jumanne hakuna kitu. Eish, wewe mtoto! Miaka yote hii unasema apana, apana, mimi sisomi nyota za batu, kumbe unazisoma kwa telefone!"

Ilinichukua muda kuelewa, na nilipoelewa nilicheka. Nilicheka kweli, palepale kwenye ngazi, kwa sababu nilidhani ni jambo la dakika moja kulimaliza. Nikaingia ndani, nikamwita yaya nyuma ya pazia la kuoshea nywele, nikamweleza. Nikamwonyesha skrini. Nikamwonyesha namba, grafu inayoteremka, jina refu la kwasa, hata barua ya zamu ya madishi yenye tarehe ya Jumanne. Aliangalia vyote kwa adabu.

"Sawa, petite," akasema. "Merci."

"Kwa hiyo umeelewa."

"Nimeelewa."

"Na Jumatatu unapanda basi."

"Apana."

Nikaanza upya, polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto, na nadhani hilo ndilo lililomtoa kwenye adabu yake.

"Sikiliza, miye nimefanya hospitali," akasema. "Daktari akiwa mbele ya mgonjwa, anasema, ça va aller, utapona. Kisha anatoka kwa couloir, kwa korido, anasema na mwenzake: yule wa kitanda ya sita, hakuna kitu, musimwambie kwanza, tutamwambia polepole. Miaka yangu yote pale, sijaona hata siku moja maneno ya couloir ikawa ya uongo. Ya kitandani njo ya uongo. Sasa wewe uko unanisemesha ya kitandani."

Ningeweza kumwapia kwa Biblia, na angesema hata madaktari wanaapa. Chochote ambacho ningemwambia usoni kingekuwa cha kumpaka mafuta. Na nilichosema nikiwa sijui ananisikia kilikwisha kuwa kweli, basi. Mtu ambaye ndiye pekee niliyedhani ananielewa alikuwa amenielewa kuliko wote, ila alichokielewa sicho.

Hapo ndipo nilipopata wazo la kijinga kuliko yote niliyowahi kupata, na nimewahi kupata mengi. Kama yaya anaamini ya kwenye korido tu, nikasema, basi nitampa ya kwenye korido. Nikamwandikia Mkenya ujumbe: kesho saa saba nitakupigia, nitasema nyota yetu imepanda, wewe uniitikie tu, usiulize, nitakueleza. Nilijiona mjanja kweli. Mimi, ambaye miezi ileile nilimkatalia profesa kulainisha picha ili mkia uonekane vizuri zaidi, nilikuwa najiandaa kupika data kwenye ua wa kanisa.

Jumapili baada ya ibada watu walikuwa wamesimama uani na chai na maandazi. Yaya alikuwa karibu na dirisha na akina mama wa kwaya, amenipa mgongo. Nikajisogeza, na mimi nikampa mgongo, nikapiga simu. Na ili asikie vizuri, nikaweka spika.

"Habari njema!" nikasema kwa sauti ya mtu anayeuza sabuni. "Nyota imepanda!"

"Imepanda wapi?" akasema Mkenya.

"Imepanda! Imepanda sana. Jumanne itakuwa vizuri kabisa."

"Wee, wacha mchezo. Mimi niko na hizo data hapa mbele yangu sasa hivi. Hakuna kitu kimepanda. Aki hata imeshuka zaidi kuliko jana."

"Umesoma ujumbe wangu?"

"Ujumbe gani? Nilikuwa church. Ngoja... Aah. Aah! Sorry. Eeh, imepanda! Imepanda sana!"

Mama mmoja wa kwaya aliweka kikombe chini taratibu, kama vile kuna maiti ndani. Mama mdogo alijifunika uso kwa kitambaa cha kichwa. Yaya alichukua mkoba wake, akaaga wenzake mmoja mmoja, akatoka getini.

Nilimkimbilia na viatu vya ibada, vile vya kisigino. Nilimpata kwenye taa za barabarani, pale wanapopaita kwenye robot, anasubiri kuvuka kwenda kwenye taksi. Nilikuwa nahema, na nilikuwa nimechemka. Miaka yote ya kuulizwa nyota, ya kunong'onezwa tarehe za kuzaliwa, ya salamu za hewani, ilinipanda kooni kwa pamoja, na ikamwagikia yeye, ambaye hakuwahi kuniuliza.

"Umesoma fiziolojia!" nikampigia kelele. "Unajua damu inavyotembea, unajua dawa inavyofanya kazi, na unaacha mtihani kwa sababu ya simu ya watu wawili wapumbavu! Ile kitu iko mbali hata haikujui! Haijui Durban, haijui Bukavu, haijui kama kuna watu! Imeshuka, ndiyo, imeshuka, na haikuhusu, na hainihusu hata mimi!"

Taa ikawaka ya kijani. Hakuvuka. Watu wakatupita pande zote mbili.

"Usinipigie kelele, petite," akasema. "Niko mukubwa kwako."

"Samahani, yaya."

"Kusuka haiko mbaya," akasema, akiangalia magari. "Kama siendi, niko infirmière, muuguzi anayesuka. Nikienda na nianguke, niko nani? Niko msusi. Unasikia? Msusi tu. Miaka tisa mbele, miaka tisa ingine nyuma, msusi."

Nilitaka kunyamaza. Ningenyamaza ingekuwa heshima. Lakini hasira ilikuwa haijaniisha.

"Basi nyota ilikufaa," nikasema. "Ulikuwa unaitafuta."

Niliona midomo yake inajibana, na nikaona aibu hadi mgongoni, kwa sababu ilikuwa kweli na haikuwa haki yangu kuisema. Taa ikawa nyekundu.

"Na nyinyi?" akauliza baadaye. "Jumanne mutafunga? Kwa sababu imeshuka?"

Ningeweza kusema lolote. Nikamwambia ukweli, labda kwa sababu nilikuwa sina nguvu ya kutunga. Nikamwambia kwamba usiku wa Jumamosi nilimwandikia profesa kumwomba tubadilishe, tutazame kitu kingine kinachowaka, tupate picha nzuri, nimalize tasnifu yangu nirudi kwetu. Na profesa alikuwa amejibu kwa mstari mmoja.

"Amesema nini?"

"Amesema haibadilishwi. Madishi yamekwisha kupangwa, tutaangalia."

"Hata kama iko chini?"

"Hata kama iko chini."

Akanigeukia. Ilikuwa mara ya kwanza kunitazama tangu Jumamosi.

"Donc na wewe uko unakimbia," akasema.

Ilinichoma. Nikafungua mdomo kujitetea, kueleza uwiano wa mawimbi na kelele, muda wa madishi, ufadhili wangu unavyokwisha. Nikaufunga. Yaya akatoa sauti puani, karibu na kicheko, akasema tiketi alikwisha kumpa mama mmoja wa kwaya ambaye ana dada Pretoria, na kama namwona ana miguu ya kurudi peke yake kuidai basi sijui mambo ya wamama wa kwaya. Tukarudi wote wawili. Ilituchukua saa nzima na vikombe viwili vya chai, na yule mama aliitoa tiketi shingo upande, akinikodolea macho mimi kama ndiye niliyeishusha nyota kwa mkono wangu.

Jumatatu nilimsindikiza kwenye basi. Alikuwa amevaa viatu vyeupe vya wodini ambavyo sikujua kama anavyo, na mfuko wa vitabu ameukumbatia tumboni. Hakusema kitu kuhusu nyota, nami, kwa mara ya kwanza tangu nifike nchi ile, sikueleza kitu. Aliniambia nisiguse kiti chake cha dirishani na nimwambie msusi wa zamu asitumie kitana chake cha mkia. Basi likaondoka likiwa limechelewa dakika ishirini.

Jumanne nilikaa Westville kwenye chumba kisicho na dirisha, mimi na Mkenya ambaye bado alikuwa ananiomba radhi. Kwenye skrini tuliona kila dishi linaripoti kwamba limeelekea panapotakiwa na linarekodi. Zaidi ya hapo hakuna kinachoonekana siku ile. Rekodi zinapaswa kukusanywa na kulinganishwa kwanza, na hilo huchukua wiki. Mkenya alikula samosa zangu. Mimi nilikuwa nawaza ukumbi wa Pretoria, na kama penseli yake ina ncha.

Wiki zikapita. Kanisani habari ilikwisha kuenea kwamba yaya aliondoka na nyota yake ikiwa chini, na watu wakamtazama kama mtu aliyeingia mtoni wakati wa mafuriko. Wengine wakaanza kunipisha njia. Angalau waliacha kuninong'oneza tarehe. Rekodi zetu zikarudi kabla ya majibu yake. Kwasa ilionekana, kwa shida, nukta moja hafifu isiyo na mkia wala fundo, picha ambayo ukimwonyesha mtu anauliza iko wapi. Profesa aliifurahia kupita kiasi. Alisema sasa tunajua inafananaje ikiwa chini, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulionyesha, na akaniongezea sura nzima ya kuandika. Nilitamani kumrushia kiti.

Majibu ya yaya yalikuja Jumamosi, mchana, kwa simu. Alikuwa amefika katikati ya kichwa cha mteja. Simu ikalia, akaitazama, akaifuta kwenye aproni kama vile uchafu ndio unaomzuia kusoma, akaitazama tena. Kisha akaiweka mfukoni na kumalizia ule msuko hadi mwisho, akaufunga uzi, akaukata. Saluni nzima ilijua. Mama mdogo alizima kikausha nywele.

"Nimeanguka," akasema yaya.

Mteja mwenyewe hakuthubutu kugeuza shingo. Nilijua neno litakalofuata. Nililiona likija kwenye nyuso zote kwenye vioo, hata uso wa mama mdogo, na nilikuwa nalisubiri nikiwa nimeinamisha kichwa, kwa sababu safari hii nisingekuwa na nguvu wala haki ya kubishana nalo.

Yaya akaenda kwenye rafu ya mawigi, akainama, akatoa vitabu. Akavileta mpaka kwenye kiti changu cha pembeni na kuvitupa juu ya kompyuta yangu, juu ya kwasa na kila kitu.

"Ni hesabu ya perfusion," akasema. "Ya dripu. Zilikuwa maswali tatu, zote nimekosea. Ingine yote nimepita. Dawa nimepita, watoto nimepita, ni hesabu tu. Wewe si unajua hesabu?"

"Ninajua."

"Examen iko inarudi mwezi wa kumi na moja. Kaa vizuri, usinipe mgongo."

Nikageuza kiti. Alifungua ukurasa, akaweka kidole kwenye swali: mtoto wa kilo kadhaa, chupa ya maji ya kiasi fulani, saa nne, matone mangapi kwa dakika. Nikachukua penseli. Nililiona rahisi, na nadhani aliona kwamba nimeliona rahisi. Nikaandika haraka, nikapigia mstari jibu, nikamsogezea karatasi: matone elfu moja na mia mbili kwa dakika.

Aliisoma kwa muda mrefu akiwa amefumba jicho moja.

"Umesahau kugeuza saa kuwa dakika," akasema.

Nikaangalia. Nilikuwa nimesahau.

"Hii haiko perfusion, hii ni robinet, bomba ya maji. Umemwua mtoto, petite." Akaifuta hesabu yangu yote kwa kifutio, akapuliza vumbi lake, akanirudishia penseli. "Anza tena."

Nikaanza tena.